Tembe Mbili, Nyumba Mbili

Miaka ile ya hamsini na kitu, ukifika Rongai ukauliza kwa Kipkemei mkamua ng'ombe, watu wa kambi ya shamba la maziwa walikuuliza kwanza: nyumba gani, ya Cherono au ya Jepkoech? Lilikuwa swali la bure. Ukiingia hii au ile ungekuta unga uleule, umepimwa kwa kibuyu kilekile, na chai yenye utamu uleule. Kipkemei alikuwa mtu wa haki mpaka akachosha watu. Akinunua ratili moja ya sukari aliimwaga juu ya ungo, akaigawa mafungu mawili, akarudi nyuma, akafumba jicho moja, kisha akatoa chembe hapa na kutia pale. Wenzake walisema mvua ikianza kunyesha kwa mke mmoja kabla ya mwingine, Kipkemei ataishtaki kwa Disii, mkuu wa wilaya.

Lakini aliyeishika sheria hiyo kwelikweli alikuwa Cherono, mke mkubwa. Mumewe aligawa kwa kuwa alipenda kusifiwa. Cherono aligawa kwa kuwa alijua njaa ya upande wa pili. Alizaliwa kule milima ya Tugen, na mama yake alikuwa mke wa pili wa mtu ambaye hakujali mambo ya jikoni. Mwaka wa nzige, mke mkubwa alikuwa akipika jioni na kufunga mlango, yeye na watoto wake ndani. Cherono, msichana mdogo wakati huo, alikaa nje akinusa harufu ya wimbi na kusikia wenzake wakilamba vidole. Mama yake alimwita arudi, naye hakuenda. Alikaa palepale mpaka harufu ikaisha.

Basi miaka mingi baadaye, Kipkemei alipotaka kuoa mke wa pili, kwa kuwa Cherono alizaa mabinti wawili kisha uzazi ukafunga, Cherono hakulia wala hakurudi kwao. Alimwambia mumewe aoe, ila katika boma lake hakuna mlango utakaofungwa wakati wa kula. Siku Jepkoech alipoletwa, Cherono mwenyewe alibeba nusu ya nafaka yake kichwani akaimwaga katika ghala la bibi harusi, watu wakitazama. Jepkoech alikuwa msichana mrefu wa maneno machache. Angeweza kukamua tangu ng'ombe wa kwanza hadi wa mwisho bila kusema lolote ila kumkemea ndama. Cherono alimtania kwamba anayaweka maneno akiba ya kiangazi.

Mwaka wa hamsini na sita ndipo ugonjwa ulipoingia, na uliingia kwa hila. Tumbo la Cherono lilianza kujaa. Wanawake kisimani walitazamana, wakacheka kwa siri, na mmoja akasema Mungu hana haraka lakini hasahau. Cherono naye aliamini. Alianza kukaa jioni mkono wake ukiwa juu ya tumbo, akitabasamu peke yake kama mtu aliyeambiwa siri nzuri. Lakini tumbo lilikua upande mmoja tu, wa kushoto, likawa gumu kama ubao, na mwili wake mwingine ukakonda. Aliamka akiwa amelowa jasho. Hakuweza kuinama kupalilia. Siku alipokiri kwamba hapakuwa na mtoto mle ndani, aliona aibu kuliko alivyoona hofu.

Watu walisema ni bandama, maana kila mtu alimjua mtu aliyevimba bandama kwa sababu ya malaria. Akapewa kwinini ya shamba, chungu ya kutapisha, na bandama haikujali. Mwishowe Kipkemei alimpandisha kwenye lori la maziwa, akamkalisha kati ya madebe, wakaenda Nakuru.

Hospitalini palikuwa na daktari Mzungu ambaye wagonjwa walimwita Bwana Polepole. Alikuwa mrefu, mwenye mvi, na alikuwa na tabia ya kukuuliza swali kisha kukaa kimya baada ya jibu lako, mpaka ukaanza kushuku kwamba umedanganya. Kiswahili chake kilitembea kwa mkongojo. Aliyekikimbiza alikuwa msaidizi na mkalimani wake, dresa Joash Ogola, mtu wa kutoka pande za ziwa, mwenye sauti ya kuhubiri, ambaye hata akikuomba unyooshe mkono wodi nzima ilinyoosha.

Walimtoboa Cherono kidole, wakaipaka damu yake juu ya kipande cha kioo, wakaitia rangi. Bwana Polepole alitazama ndani ya darubini kwa muda mrefu. Kisha akafanya jambo ambalo Joash alisema hakumwona akilifanya mara nyingi: akamwita mgonjwa mwenyewe aje atazame.

Mwanzo Cherono hakuona chochote ila kope zake. Joash akamwelekeza kichwa. Ghafla ukatokea uwanja mweupe wenye mwanga, na ndani ya uwanja ule punje za zambarau zimesongamana, zimebanana, hazina hata nafasi ya kupumua. Akainua kichwa haraka, akatazama kidole chake. Akainama tena.

"Hiyo ni damu yako, mama," Joash akasema. "Hiyo ya zambarau ni askari ya damu. Kwa mtu mwenye afya iko kidogo tu, ya kulinda. Kwako imekuwa jeshi, na jeshi imekosa kazi, inakula mwenye nyumba. Ndiyo imejaza bandama."

"Na yako?" Cherono akauliza.

Joash akamtazama daktari, daktari akatikisa kichwa kukubali, na dresa mzima mwenye sauti ya kuhubiri akajitoboa kidole, akafinya uso. Cherono akatazama damu ya Joash. Uwanja ulikuwa na nafasi tele, na punje za zambarau moja hapa, moja kule.

"Joash," akasema, "kumbe wewe ni maskini."

Wakacheka wote, hata Bwana Polepole baada ya kutafsiriwa. Kisha Cherono akainamia tena damu yake mwenyewe. Watu wengi huishi na kufa bila kuona kilicho ndani yao, naye amekiona kwa jicho lake, kina rangi, kinang'aa, na kizuri cha kutisha. Siku ile hakula. Si kwa woga tu. Alihisi amefunguliwa mlango wa mahali ambapo mtu hafiki.

Ugonjwa ule ni saratani ya damu, na wakati ule dawa yake ilikuwa mpya kabisa, tembe nyeupe ndogo kama punje ya mtama, zilizokuja kwa meli na kufika Nakuru chache mno. Daktari alizifungia kabatini mwake mwenyewe. Kila mgonjwa wa saratani aliyesikia habari zake alizitaka, na si ajabu. Nani anapenda kisu? Kwenye kitanda cha pili kutoka kwa Cherono alilala Naliaka, mke wa mfanyakazi wa reli, mwenye uvimbe kwenye titi. Alimshika daktari koti akimwomba na yeye apewe za kumeza. Bwana Polepole alikaa kitandani pake, akamweleza kwa utaratibu kwamba tembe hizi hazijui ugonjwa wake. Wake utatolewa kwa kisu, na mapema. Nje kwenye baraza kulikuwa na mzee Thuo, mkata kuni, mwenye saratani ya tumbo. Huyo kila alichomeza kilirudi, hata maji. Daktari alimshika mkono, akamfunika blanketi.

"Mama, hii dawa iko na wenyewe," Joash alimwambia Cherono. "Kwanza ugonjwa uwe ule inaujua. Halafu tumbo likubali kukaa nayo. Halafu damu iwe na nguvu kidogo, kwa sababu hii ni sumu, nisikufiche. Tunakupa sumu kidogo, tunatazama damu, tunakupa tena. Ikipita kiasi inaua hata askari wale wazuri, halafu kidonda kidogo tu kinakumaliza."

Alianza kuzimeza wodini, mbili kila asubuhi kabla ya uji, Joash amesimama mbele yake. Cherono alijikuta akigeukia ukutani ili Naliaka asimwone. Alijua ni ujinga, lakini hakuweza kuzimeza huku mtu aliyenyimwa akitazama.

Kisha yakatokea yale ambayo aliyasimulia mpaka mwisho wa maisha yake, na kila mara sauti ilimpungua. Jasho liliacha. Ubao ule wa kushoto ulianza kulegea, ukarudi chini ya mbavu kidogokidogo, kama ng'ombe mkaidi anayerudi zizini kinyumenyume. Daktari aliuchora mpaka wake kwa wino juu ya ngozi, na kila wiki alichora mstari mwingine juu ya ule wa zamani. Cherono alilala akiipapasa ile mistari na kushangaa. Kitu kidogo namna ile kimeingia kwa mdomo, gizani, bila macho wala njia, na kimejuaje bandama iko wapi? Alimwuliza Joash. Joash, ambaye alikuwa na jibu la kila kitu, akamwambia amwulize daktari. Alimwuliza Bwana Polepole, naye akasema, "Mimi pia nashangaa, mama."

Ikafika siku ya kuamua kama anaweza kwenda nyumbani na dawa. Kipkemei aliitwa. Daktari aliuliza mengi. Je, lori la maziwa hupita kila siku, hata wakati wa matope? Je, mgonjwa hutapika? Je, atarudi kupimwa damu hata akijisikia mzima? Maana wengi hupotea wakishapona kidogo, na mtu wa mbali, asiyeweza kurudi, daktari hakumpa kamwe, hata amlilie. Mwisho akauliza nyumbani wako watu gani.

"Mimi, huyu, na mke mdogo," Kipkemei akajibu, akijinyoosha. "Nyumba mbili, Bwana Daktari. Sawasawa."

"Vizuri," akasema Bwana Polepole, akafungua kabati, akatoa kopo. "Basi ni tembe mbili, kila asubuhi."

Nawe sasa unaona lilikotokea balaa. Kipkemei alisikia nyumba mbili, akasikia tembe mbili, na moyo wake ukajaa heshima kwa Mzungu yule. Njia nzima kwenye lori alikuwa akitikisa kichwa. "Huyu daktari ni mtu wa haki," alisema. "Hakutuona hata siku moja nyumbani, na amejua."

Walipofika alileta ungo. Akamwaga tembe, akazigawa mafungu mawili, akafumba jicho moja.

Cherono alijua. Lazima lisemwe wazi, kwa sababu yeye mwenyewe hakulificha baadaye. Alikuwa amezimeza mbili mbili kwa wiki nyingi mbele ya Joash. Alijua ni za nani. Alifungua mdomo aseme. Lakini mlangoni alikuwa amesimama Jepkoech, amekonda, macho yameingia ndani, maana siku zote zile alikuwa akilima mashamba mawili na kukamua sehemu ya watu wawili. Cherono alimwona pale kizingitini, nje, akitazama ndani kwenye chombo kilicho na kitu chema, na mdomo ukajifunga wenyewe. Dawa iliyomrudishia yeye uhai itamkosea nini mtoto huyu aliyechoka? Labda itamtia nguvu. Labda, nani ajuaye, itamfungua uzazi.

Kesho yake Jepkoech alikuja na tembe yake mkononi. "Mama," akasema, "si ulinihadithia Joash alisema ni yako yote?"

"Unataka kambi iseme Cherono anakula peke yake?" Cherono akamjia juu, kwa ukali uliomshangaza hata yeye. "Meza, uende kazini."

Jepkoech akafunga kiganja, akaondoka. Hakulitaja tena.

Mara ya kwanza aliporudi kupimwa, Bwana Polepole alisema mstari umesimama, haukupanda, lakini tungoje. Mara ya pili bandama ilikuwa imeuvuka mstari kwenda chini. Alimwuliza, "Mbili kila asubuhi, mama?" Cherono akajibu, "Mbili kila asubuhi." Na kweli, mbili zilitolewa bomani kila asubuhi, na mafungu yote mawili yaliisha siku yake. Lakini alishuka ngazi za hospitali akiwa na joto masikioni. Daktari alitaka kuongeza kipimo akaogopa, kwa kuwa damu yake nyekundu ilikuwa imepungua. Jasho lilirudi. Ubao ukarudi.

Mvua za mwezi wa nne zilipoanza Cherono hakuweza tena kufika kwenye lori kwa miguu. Kipkemei alikuwa na ng'ombe wanaozaa, kwa hiyo Jepkoech ndiye aliyembeba mgongoni hadi barabarani, akapanda naye, akamshika njia nzima madebe yasimgonge. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuuona mji wa Nakuru, na hakutazama hata duka moja.

Bwana Polepole alipapasa tumbo, akatazama darubini, akaketi. Kisha akazungumza na Joash kwa Kiingereza, na Joash alipogeuka, ile sauti ya kuhubiri ilikuwa imeshuka.

"Mama, daktari anasema hivi. Kuna watu dawa inawasikia, halafu inaacha kusikia. Pengine wewe ni mmoja wao. Dawa ni kidogo, na kule wodini kuna mtu mwingine ana ugonjwa kama wako, anangoja. Kama kwako haifanyi kazi, inabidi apewe yeye. Kwa hivyo anakuuliza mara ya mwisho, kabisa kabisa. Unameza zote?"

Cherono alitazama sakafu. Alijiona amenaswa, na mtego ameutega mwenyewe. Akisema ndiyo, dawa imeshindwa, na atarudi nyumbani kufa. Akisema hapana, yeye ni mtu asiyeaminika, anayegawa sumu ya serikali kama peremende, na mtu kama huyo hapewi tembe akazishike mwenyewe. Pia atarudi nyumbani kufa. Tena atamwaibisha mumewe. Tena Jepkoech amekuwa akimeza sumu miezi yote hiyo kwa amri yake. Hilo la mwisho lilimchoma mpaka machozi yakamtoka, kwa kuwa alikuwa amelijua siku zote, akalifunika na lile neno zuri la haki.

"Bwana Daktari," akaanza, lakini hakumaliza.

Jepkoech alikuwa ameinuka kutoka pale mlangoni alipokuwa amechuchumaa. Aliingiza mkono kifuani, akatoa pembe ndogo ya ugoro iliyokuwa ya nyanya yake, akang'oa kifuniko, akaimimina juu ya meza ya daktari. Tembe zikamwagika, moja juu ya nyingine, zimeshika rangi ya kahawia kwa mavumbi ya ugoro wa zamani. Zilikuwa nyingi. Zilijaa kiganja.

"Hii ni zake," akasema Jepkoech. "Mume wetu alitugawia. Yeye anakula moja, mimi moja. Yangu sikukula."

Bwana Polepole aliigusa tembe moja kwa ncha ya kidole. Uso wake ulikuwa mwekundu. Joash alifikiri atapiga kelele. Badala yake aliuliza, kwa Kiswahili chake cha mkongojo, "Kwa nini wewe hapana kula?"

Jepkoech alifikiri. Kwake kusema maneno mengi ilikuwa kazi kuliko kukata kuni. "Aliporudi nyumbani mama alituhadithia habari za darubini," akasema. "Alisema ndani ya damu yake kuna jeshi, na dawa inakwenda kupigana na jeshi. Mimi ndani yangu hakuna jeshi. Nikawaza, sasa ikiingia kwangu itapigana na nani?"

Bwana Polepole aliweka mikono yake usoni. Alipoitoa alimweleza Cherono, na Joash akatafsiri akijikwaa, kwamba mwanamke asiye na ugonjwa huo akimeza tembe hizo kwa miezi ile yote damu yake ingekauka, na kama angebeba mimba, mimba hiyo isingesalimika. Cherono akamgeukia mke mwenzake. Alimjua kwa miaka, alimlisha, alimtania, alidhani yeye ndiye anayembeba mwenzake. Sasa alimtazama kama alivyotazama ndani ya kile kioo siku ile, na akaogopa kwa namna ileile, kwa kuona kitu kikubwa ambacho kilikuwepo siku zote na yeye hakukijua.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuambia mara moja, mama. Ukakasirika."

Daktari aliamka akaenda dirishani, akatazama mvua. Aliporudi alisema amekosea yeye. Alikuwa ameuliza habari za tumbo, za damu na za lori, akaona inatosha. Hakuuliza chakula kinagawiwa vipi katika nyumba ile. Dawa haikushindwa, maana haikupewa nafasi. Ataendelea kumpa Cherono, na mgonjwa mwingine naye atatafutiwa, hata ikibidi agombane na wakubwa wa Nairobi. Lakini tembe hazitashikwa na Cherono, wala na Kipkemei na ungo wake. Zitashikwa na huyu.

Akanyoosha kidole kwa Jepkoech. Joash akaguna.

"Bwana Daktari, samahani. Huyu ni mke mwenza. Wewe mwenyewe unasema hii kitu ni sumu, na ugonjwa huu hauponi kabisa, unasukumwa tu. Siku moja huyu mama atakufa. Na watu watauliza alikuwa anapewa nini, na nani. Mke mdogo akimpa mke mkubwa dawa, na mke mkubwa afe, kwetu na kwao pia hiyo si maneno ya kucheka. Wanaweza kumfukuza. Wanaweza kumfanya mbaya zaidi."

Bwana Polepole hakuwa amelifikiria hilo hata kidogo. Alimwuliza Jepkoech kama ameelewa. Jepkoech alikuwa anaziokota tembe moja moja na kuzifuta kwa kona ya shuka.

"Nimeelewa," akasema. "Nitampa."

Kwenye lori Cherono alitazama njia tu. Alikuwa anafikiri kwa bidii, na ukimpa Cherono muda wa kufikiri ulikuwa huna budi kuogopa.

Kesho yake, kabla jua halijachomoza vizuri, wakamuaji wakishuka kwenda zizini, waliona jambo. Cherono ameketi kwenye kigoda nje, mbele kabisa ya boma, pale njia ya watu wote inapopita. Amejifunga blanketi. Jepkoech amesimama mbele yake, ameshika kopo. Kipkemei naye alikuwa kando, amenywea, maana usiku mke mkubwa alikuwa amemweleza habari za ungo wake na hakumbembeleza.

"Njooni mwone," Cherono akaita. "Hii ni dawa yangu ya damu. Nampa huyu kazi ya kunipa, kwa sababu mimi nimeshindwa. Moja. Ya pili. Sasa nendeni mkakamue."

Akafungua mdomo kama ndege, Jepkoech akamtilia, akameza na maji. Watu wakacheka, wakaenda. Siku ya pili alikuwa palepale, na siku ya tatu. Bandama ikaanza tena safari yake ya kurudi chini ya mbavu, na nguvu zikamrudia, akalima, akaimba, akagombana na majirani. Lakini asubuhi, hata kwa ukungu, hata mvua inyeshe, kigoda kilitolewa nje. Jepkoech alimwomba wafanyie ndani, kuna baridi. Cherono akakataa. Hata mwanamke akipita haraka amechelewa, alimwita kwa jina asimame kidogo atazame.

Ilipita zaidi ya mwaka ndipo alipomweleza. Wakati huo Jepkoech alikuwa na mtoto wa kike mgongoni, mzima, mwenye sauti kubwa, na Cherono alikuwa akimchezesha vidole.

"Wewe unafikiri nakaa kwa baridi kwa sababu napenda kutazamwa," akamwambia. "Daktari alisema hii dawa siku moja itashindwa. Siku hiyo nitakuwa sina mdomo wa kukutetea. Kwa hivyo nakutetea sasa, kila asubuhi, kidogo kidogo."

Jepkoech aligeuka akaingia jikoni, akakaa huko muda mrefu kuliko uji unavyohitaji.

Dawa ilishindwa mwaka wa hamsini na tisa, katikati ya mvua, kama Bwana Polepole alivyokuwa amesema, na hakuna aliyekosea safari hii. Cherono alikufa kitandani pake, kichwa chake kwenye paja la Jepkoech, mabinti zake wakiwa njiani kutoka walikoolewa.

Watu walikuja wengi. Miongoni mwao alikuwa mjomba wa marehemu kutoka milimani, mzee mkali, ambaye hakuwa amefika Rongai kwa miaka. Alikaa, akapokea chai, kisha akauliza kwa sauti ya kusikika boma zima kama ni kweli mpwa wake alikuwa anapewa dawa kila siku, na ni nani aliyekuwa anampa.

Jepkoech alisimama karibu na mlango, mtoto mgongoni, akafungua mdomo. Kabla hajasema, wengine wakamtangulia.

"Huyu," akasema mwanamke mmoja.

"Kila asubuhi," akasema wa pili. "Mbili."

"Mimi niliona," akasema mkamuaji mmoja, akasimama, na wa nyuma yake akasimama. "Na mimi." Wakaendelea hivyo, wanaume na wanawake, mpaka yule mzee akawa ndiye pekee aliyebaki ameketi. Aliwatazama wote, akaweka kikombe chini. Kisha naye akainuka, akaenda mlangoni, akampa Jepkoech pole.